Chafya Moja, Mita 17

Njoro, 14 Julai

Omera wangu,

Salamu kutoka huku kwa baridi. Ujumbe wako ulinikuta zizini kwa mkulima mmoja, nikacheka hadi mwenye ng'ombe akadhani nimetumiwa pesa. Eti yule mama uliyembeba pale Kondele, Kisumu, alikugonga bega akashuka kabla ya Mamboleo, kisa umepiga chafya nane mfululizo? Pole sana, lakini hata mimi ningeshuka. Tangu 2020 anayepiga chafya mbele za watu hutazamwa kama mwizi wa kuku.

Kicheko kilikatika nilipofika mwisho, uliposema siku hizi unameza Piriton mbili kabla ya chai, kisha unawasha pikipiki. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Kwa simu ungenikatiza na mizaha yako.

Hiyo dawa nilikuwa naila hivyohivyo. Pua inakauka kweli, lakini usingizi wake hauji na miayo ili uutambue. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikuwa napanda kutoka Egerton kwenda Mau Narok, mtungi wangu wa naitrojeni wa kuhifadhi mbegu za kuhamilisha ng'ombe ukiwa nyuma. Sikulala, naapa. Macho yalikuwa wazi, ila mwenyewe sikuwepo. Mkokoteni wa punda ulikuwa mbele yangu muda mrefu tu, nikauona zikiwa zimebaki hatua chache. Nikaingia mtaroni. Goti lilichubuka, mtungi ukapona, na punda hata hakugeuka.

Kabla ya hapo nilikuwa naogopa chafya peke yake. Ukiwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukifumba macho sekunde moja tu umepita karibu mita 17 za barabara bila kuziona. Nikadhani dawa imeniokoa. Kumbe nilibadilisha kufumba kwa sekunde moja na kusinzia safari nzima.

Mhudumu wa kliniki aliyenisafisha goti ndiye aliyeniuliza maswali ambayo hakuna muuza dawa aliyewahi kuniuliza. Mafua yanakuja miezi gani? Macho yanawasha? Kaakaa je? Una homa? Homa sijawahi kuwa nayo. Akasema basi hayo si mafua ya kuambukizana, ni aleji, na mwenye kesi ni chavua ya nyasi, ule unga wa maua yake. Nikabisha, maana miaka yote nimeisingizia mijakaranda ya Nakuru mjini. Akacheka. Ua lenye rangi linamwita nyuki, chavua yake inanata na haisafiri mbali. Nyasi hazina wa kumwita, zinaachia upepo. Mvua za masika zikiisha nyasi zinatoa mashuke, nami napita katikati ya hewa hiyo kioo cha helmeti kikiwa juu. Nikifika kwa mkulima nakuta ghala limejaa marobota ya nyasi ya Boma Rhodes, na vumbi la nyasi kavu linamalizia kazi.

Alinisimulia pia habari za Charles Blackley, daktari wa Uingereza aliyeugua maradhi hayahaya. Huyo alirusha vishada vyenye vioo vya kunata ili anase chavua huko juu angani, akachapisha aliyoyaona mwaka 1873. Mtu mzima na kishada! Nimempenda bure.

Kwako huko, angalia sana gugu-karoti, lile la maua meupe madogo lililojaa kando ya barabara. Linasumbua pua na hata ngozi, usiling'oe kwa mikono mitupu. Na ukipata abiria wa kwenda Chemelil siku wanachoma miwa, jua moshi na pua iliyovimba havipatani.

Mimi nilibadilishiwa dawa, nikapewa setirizini, kidonge kimoja usiku. Hiyo nayo huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo ianze siku ambayo pikipiki imelala nyumbani. Nikapewa na ya kupuliza puani, ya steroidi. Hiyo ilinikatisha tamaa mwanzoni kwa sababu haifanyi kazi papo hapo, inataka wiki moja au mbili za kila siku. Mwaka huu niliianza mvua zikiwa bado zinanyesha, na tofauti naiona. Puliza ukielekeza upande wa sikio, si katikati ya pua, la sivyo utatoka damu. Usiichanganye na yale matone ya kuzibua pua mara moja. Duka fulani liliniuzia hayo mwezi mzima, mwishowe pua ikawa inazibwa na dawa yenyewe.

Helmeti ndiyo ilinishangaza. Nilikuwa nikiitundika kwenye uzio wa kaiyaba ipigwe jua, sponji zikikusanya chavua kama chungio, kesho yake naivaa na kuivuta yote. Sasa inalala ndani na sponji nazifua kila Jumapili. Kioo nakifunga, nakipangusa kwa kitambaa chenye maji kila nikisimama. Vaseline kidogo kuzunguka matundu ya pua inanasa vumbi. Reflekta na koti vinabaki mlangoni, nanawa uso na nywele kabla ya kukaa. Ama chafya ndani ya helmeti iliyofungwa, hiyo sikuelezi, wewe ni mtu mzima.

Kuna shauri moja tu lililonishinda. Aliniambia nipunguze safari za asubuhi, chavua inapopanda. Nikamwambia akazungumze na ng'ombe: aliyeonekana kwenye joto jioni huhamilishwa kesho yake asubuhi, na mkulima hangoji pua yangu.

Ukisikia kifua kinapiga filimbi au pumzi inakuwa fupi, acha habari za barua yangu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nitakuja mwezi wa nane, shule zikifunga. Niwekee omena wa Dunga, nami nitakuletea viazi vya Mau Narok gunia nusu. Utanibeba kutoka stendi, lakini nitakukagua macho kwanza.

Simu inaita, kuna ng'ombe Mauche. Acha nitafute kitambaa changu.

Ni mimi, daktari wako wa ng'ombe