Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: chuki itajwe ndani ya sheria

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Olasiti, Arusha.

Shangazi yangu ana kitenge ambacho hajakivaa tena tangu tarehe 5 Mei 2013. Amekikunja chini kabisa ya sanduku, na karibu na pindo kina tundu la kuungua, dogo kama kifungo cha shati. Jumapili ile waumini walikusanyika kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Balozi wa Papa akiwapo. Bomu likarushwa katikati yao. Watu 3 walifariki, makumi wakajeruhiwa. Shangazi alibaki na sikio moja. Ukimwita kutoka kushoto hageuki. Kabla mwezi uliofuata haujaisha, bomu jingine likalipuka viwanja vya Soweto, hapa hapa Arusha, kwenye mkutano wa kampeni wa chama cha Chadema.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi tunayo tangu 2002. Lakini hiyo inaukuta ugaidi ukiwa umeshakomaa. Ninachoomba ni kifungu katika Kanuni ya Adhabu: mtu akipigwa, akichomewa nyumba au akikatwa mkono kwa ajili ya dini yake, kabila lake au ngozi yake, mahakama ilazimike kuitazama sababu hiyo na kuipa uzito inapotoa adhabu. Anayempiga jirani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba amemuumiza huyo jirani. Anayempiga kwa kuwa ni wa dini nyingine amewatia hofu wote wanaosali pamoja naye, hata watoto. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua hofu hiyo kuliko mimi.

Mji wetu si mgeni wa jambo hili. Ni hapa Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipowatia hatiani watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura, kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994.

Nakusihi sana, tafsiri ya chuki iwe finyu. Kuikosoa serikali, hata kwa ukali, kusihesabiwe humo kamwe. Na fidia kwa walioumia iandikwe humo humo. Shangazi alizunguka na vyeti vyake mwenyewe hadi akachoka.

Muswada ukiandaliwa, watume wataalamu wako waje kuchukua maoni huku. Shangazi amesema atakuja. Wamketie upande wa kulia.

Wako,
Mkazi wa Olasiti