Risala ya Wachezaji kwa Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Ligi ya Soka ya Wanawake ya Mkoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa soka wa mkoa, walimu, wazazi wetu, mabibi na mabwana.

Sisi wachezaji wa timu zinazoshiriki ligi hii tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia msimu. Karibu sana.

Mheshimiwa, wengi wetu tulianza kuonekana kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari. Ni mashindano mazuri, lakini huchezwa siku chache kwa mwaka, na msichana akimaliza kidato cha nne anaivua jezi ya shule moja kwa moja. Hapo ndipo vipaji vingi hupotelea. Ligi ya mkoa ndiyo inayompokea binti huyo. Inampa kocha, inamkutanisha na mabeki waliokomaa wasiompa nafasi ya kuuchezea mpira. Kipa hajui lini atoke golini kwa kuambiwa mazoezini tu. Hujifunza kwa kufungwa, kisha kusimama tena langoni mechi inayofuata.

Matunda yanaonekana. Bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu ya Wanawake, msimu wa 2016/17, alikuwa Mlandizi Queens wa Pwani. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, waliifunga Ufaransa 2–1 kule India, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia chini ya miaka 17. Mshambuliaji wetu Aisha Masaka naye alisajiliwa na klabu ya Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Wadogo zetu wanayajua majina haya, na wanauliza waanzie wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilio chetu kikubwa ni uchache wa mechi. Ligi yetu huchezwa kituo kimoja, siku kwa siku, miguu ikiwa bado imechoka, na baada ya muda mfupi imekwisha. Timu isiyosonga mbele hukaa miezi mingi bila mchezo wa ushindani. Kiwango hakiwezi kupanda hivyo, hata mwalimu awe hodari kiasi gani.

Tunaomba msimu ujao tucheze nyumbani na ugenini, nawe utusaidie kupata wadhamini wa usafiri. Tunaomba pia dada zetu waliostaafu kucheza wapelekwe kozi za ukocha na uamuzi, kwani wazazi wengi huturuhusu kwa moyo mweupe wanapomwona mwanamke kwenye benchi.

Wazazi mliokuja leo, ahsanteni mno.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.