Mpeni bwana harusi dakika kumi baada ya kuvishwa joho

Mama mmoja alikuja dukani kwetu na flashi mkononi, akaomba tumwekee video ya ndoa ya mwanawe, akaipeleka mbele mpaka pale sheikh anapomaliza kumuozesha na kungoja jibu. Midomo ya bwana harusi inacheza. Kinachosikika ni mkwaruzo, kisha kimya, kisha watu wanapongezana. "Hapa alisema amekubali," alituambia. "Mnirudishie neno lile." Kazi ile ilikuwa yetu, na hatukuweza kumrudishia. Sauti isiyoingia kwenye maiki hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuitoa. Tangu siku hiyo tumebadilisha namna tunavyovisha maiki ndogo zisizo na waya, zile za kubana kifuani, na tungependa wateja wetu wajue sababu.

Maiki yenyewe ilikuwa nzima. Tuliibana kwenye kanzu nyumbani, kijana akiwa amesimama, tukasikiliza, safi kabisa. Halafu wajomba wakamvisha joho. Ukingo wa joho, na ule uzito wa nakshi zake, ukalala juu ya maiki, na kila alipovuta pumzi kitambaa kikasugua. Msikitini akakaa kitako, miguu kaikunja, na transmita, kile kijisanduku kinachorusha sauti ya maiki, iliyokuwa mfukoni mwa kanzu ikabanwa chini ya paja. Resiva yetu, inayoipokea sauti hiyo, ilikuwa kwenye kamera nyuma, na katikati safu ya wanaume waliosimama kupiga picha kwa simu.

Maiki nyingi ndogo za bei nafuu hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi. Mawimbi hayo hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Paja moja na migongo kumi inatosha kuyakata, ingawa boksi la maiki limeandikwa mita mia. Mita hizo ni za uwanjani, pasipo mtu katikati. Maiki za UHF, yaani za masafa ya chini zaidi ya hayo, huvumilia zaidi umati, ila nazo zinataka kuchaguliwa chaneli isiyogongana na matangazo ya televisheni.

Kwa hiyo siku hizi transmita tunaiweka juu, mgongoni chini ya joho au upande wa kiunoni unaoelekea kamera, na kamwe si kwenye mfuko atakaoukalia. Resiva tunaitoa kwenye kamera na kuisogeza mbele, pembeni ya mkeka, ili kati yake na kijana pasisimame mtu.

Maiki inakaa shubiri moja chini ya kidevu. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inashuka kama desibeli 6. Fundi atalazimika kuipandisha, na feni za juu na watoto waliopo uani watapanda nayo. Tukiibana karibu mno na shingo, kijana akiinamisha kichwa (na wote huinamisha) kidevu kinaifunika na sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyejifunika shuka. Tunaisogeza kidogo upande alikokaa sheikh, tunapinda waya mwembamba unaotoka kwenye maiki kwenda kwenye transmita kitanzi kimoja na kuugandisha kwa plasta ndani ya kanzu, ili waya ukivutwa mvuto usifike kwenye maiki. Kisha tunalishika joho lenyewe, tunalivuta huku na huku, na kusikiliza kwa hedifoni.

Maiki ya pili anavaa sheikh. Wamekaa goti kwa goti, wameshikana mikono, kwa hiyo hata ya kijana ikifa, ya sheikh italidaka jibu. Tena tunarekodi nakala mbili kwa pamoja, moja ya kawaida na nyengine iliyoshushwa sauti isipasuke, kwani bwana harusi huanza kwa kunong'ona na akitakiwa kurudia hupaza.

Upande wa akina mama kazi hii anaifanya dada yetu wa studio, na ombi lake ni moja: mkufu na maiki visikae pamoja. Dhahabu ikigonga maiki, mgongano huo haufutiki.

Kwa shughuli za ufukweni, Paje au Nungwi, sponji nyeusi inayokuja na maiki haitoshi wakati wa kusi. Tunavisha kofia ya manyoya, na tunamwomba msemaji aupe upepo mgongo.

Wengine hutuomba maiki hizi kwa hotuba za mahafali ya skuli, zitoke moja kwa moja kwenye spika kubwa. Hapo tunawashauri maiki ya mkononi. Nyingi za kifuani husikia pande zote, na mzungumzaji akipita mbele ya spika, mluzi unaanza. Tutakukodishia ukitaka, ila tutakwambia hivyo kwanza.

Ukija kuweka tarehe, tuambie ndoa inafungwa msikiti gani, baada ya sala gani, na joho atavishwa wapi. Tuombeeni ruhusa kwa imamu mapema tuweke resiva mbele. Na kijana akishavaa kila kitu, joho, kilemba na jambia, tuachieni dakika kumi kabla hajatoka nyumbani. Tutamkalisha kitako, tutamwambia ainamishe kichwa, na tutamsikiliza.