Biti za dhahabu zinawachanganya wanunuzi

Mhariri,

Biti za kutobolea chuma zenye rangi ya dhahabu zinauzwa kana kwamba rangi ndiyo ubora. Utando halisi wa rangi hiyo ni nitridi ya titani (mchanganyiko mgumu wa titani na nitrojeni), unene wa mikroni 2 hadi 4 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unaopakwa ndani ya tangi lililoondolewa hewa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Alama ya kidole chenye mafuta ikibaki kwenye biti kabla ya kupakwa, hapo utando utabanduka. Na chuma cha ndani kikiwa laini, utando hupasuka kama ganda la yai juu ya uji. Biti ikinolewa, ncha hubaki bila utando. Usiitupe, utando wa mifereji bado husaidia mabaki kuteleza nje. Kabla ya kulipa, tafuta herufi HSS (high speed steel, yaani chuma kigumu cha kutengenezea biti) kwenye shina.

Fundi mchongaji,
Dar es Salaam