Kasi mmeitaja, kipimo cha mtoto mmekiacha

Bwana Mhariri,

Miaka yote nalisoma gazeti lenu nikinyamaza, hata siku mlipoihamishia Abu Dhabi nchini Saudi Arabia. Ila ile makala yenu ya Formula Rossa, rolakosta, yaani treni ya burudani ya kasi, katika bustani ya michezo ya Ferrari World hapa kisiwani Yas, imenishinda.

Ati inaendeshwa na injini ya Ferrari! Treni ile haina injini yoyote. Huvutwa kwa kebo na mitambo ya haidroliki, na kwa sekunde tano hivi imeshafika kilomita 240 kwa saa; ikishaachiwa, ni kasi hiyo hiyo inayoipandisha kilima cha mita 52. Abiria huvalishwa miwani kwa sababu ya mchanga na wadudu. Iko hivyo tangu 2010, wala si siri.

Hilo ningelimeza. Lililonichoma ni pale mlipoandika kuwa ni "burudani ya familia nzima" na msitaje kipimo cha urefu. Dada yangu alikuja kutoka Mombasa na mwanawe, tiketi wamekatiwa na wakala mmoja wa safari wa huko, aliyemwapia kwamba mtoto atapanda. Mtoto kashawatangazia darasa zima. Kufika mlangoni, akasimamishwa kwenye kipimo: sentimita 140, naye hafiki. Wa mlangoni hana kosa, ile kasi haina mzaha na mwili mdogo. Mwenye kosa ni wakala, ambaye alipopigiwa simu alijibu, "Soma masharti, mama," na masharti yenyewe hakuwahi kumpa! Pesa hazikurudi. Hoteli aliyoambiwa inatazama bahari ilitazama maegesho ya malori. Na midomo ya namna hiyo ndiyo inayowaahidi mabinti zetu kazi za kupokea wageni hotelini, wakifika huku wanakabidhiwa ufagio na pasi zao za kusafiria zinafungiwa kabatini. Nawaona. Hilo mbona hamliandikii kurasa mbili na picha za rangi?

Basi kila wakala anayeuza tiketi hizi achorewe mstari wa sentimita 140 kwenye mwimo wa mlango wa ofisi yake, kwa rangi nyekundu ya mafuta, isiyofutika. Na mwandishi wenu atumwe akaushike utepe wakati wa kupima.

Msomaji wenu,
Abu Dhabi