Siku ya kufungua Bunge, kinyozi njo mutafsiri

Bwana Mhariri,

Nakusalimia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni kinyozi, niko na saloni ndogo ya viti viwili na tele moja, na ukiniruhusu nitaandika vile tunasemaka huku kwetu, juu Kiswahili ya kitabu ikinishika sana nitasahau kile nilitaka kusema.

Mwaka jana, kisha siku ya kufungua Bunge ya mwezi wa tisa, gazeti yenu ilichapa picha kubwa ku ukurasa ya kwanza. Wakubwa na kostimu, wamama na vitenge vya kung'aa, maua ku meza, na chini mukaandika kama kikao kilifunguliwa vizuri na hotuba zikasomwa. Basi, ikaisha hapo. Hotuba zilisema nini? Hamukuandika. Watu watatu walisoma ile gazeti mu saloni yangu na wote watatu wakaniuliza mimi, utazani mimi njo nilikuwa Kinshasa.

Acha nikuelezee vile ile siku ilipita kwetu. Ilikuwa kazi moja, maana yake Jumatatu, tarehe 15/9/2025. Kazi moja watu hawanyoi mingi, lakini umeme ulikuwa, jambo ya kushangaza, basi saloni ikajaa: mama mumoja anauzishaka makala pembeni ya mulango yangu, mzee jirani ambaye alitumikia Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, miaka mingi, mushoferi ya lori anangojea zamu yake, na vijana wawili ambao kunyoa hawakuwa nayo hata wazo, walifuata tele tu. Tukaweka televizyo ya taifa. Palais du Peuple, ile nyumba ya Bunge kule Kinshasa, jina yake maana yake "jumba ya watu", imejaa, bendera, wimbo ya taifa, wote wamesimama, na mzee naye akasimama na kitambaa shingoni nusu kichwa imenyolewa, nikangoja na mashine mukononi mpaka wimbo ukaisha. Ile heshima nilipenda, siwezi kudanganya.

Kisha salamu. Mimi sina saa ya mukono, nilizipima na kazi yangu. Wakati wanasalimia wakubwa ya serikali nilikuwa juu ya utosi, wakati ya mabalozi nikafika ku masikio, na wakati napaka alkoli ku shingo bado shukrani zinaendelea. Kichwa nzima, na ndevu juu yake. Mzee alilipa, akakaa tena, hotuba yenyewe ya spika ya Bunge ndiyo inaanza.

Hapo mama ya makala akauliza: "Papa kinyozi, anasema nini?"

Niko na diplome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, kwa hiyo ku ile mulango yetu mimi njo mutafsiri. Nikamwambia anasema bajeti. Akasema bajeti anaijua, kila asubuhi anaifanya na gunia mbili, anataka kujua ndani yake kuko nini. Nikajikaza. Kikao ya mwezi wa tisa kinakuwaka ya feza: serikali inapaswa kuleta muswada ya bajeti mbele ya Bunge mpaka tarehe 15 ya mwezi wa tisa, haipite, na wadepite wanachunguza pia ile wanaitaka redisio ya konte, maana yake serikali inaonyesha vile ilitumia franga ya mwaka uliopita. Nikatafsiri "kurudisha hesabu". Vijana wakasikia "kurudisha" tu, wakapiga makofi, wakafikiri kuko franga inarudishwa. Nikaanza tena kuwaelezea, na mashine inanguruma, na mushoferi ananiambia angalia sikio yangu.

Mama akauliza mara ingine: "Na barieri? Amesema kitu juu ya barieri?" Makala yake inakuja na watu ya kinga, ni baiskeli, wanaoisukuma kutoka pori, gunia tatu mpaka tano juu ya kinga moja, na njiani kuko kamba inavutwa, mutu anatoka ku kivuli anaomba franga, karatasi hatoi. Mwisho ya ile franga ni ku bei ya gunia, na mwisho ya gunia ni ku bukari (ugali) yetu wote. Nikamujibu bado, ngoja. Akangoja. Alipika, alikula, aliuzisha, alingoja. Mimi sikusikia neno barieri. Pengine ilisemwa wakati niko na sikio ya mushoferi, siapi, lakini kama ilisemwa basi ilisemwa ku Kifaransa ya kostimu na mama hakuipata.

Njo kitu moja tu nataka kusema mu hii barua: siku ya kufungua, hotuba zikuwe fupi, na zifike kwetu na luga tunasikia.

Kuko watu watajibu kama luga ya serikali ni Kifaransa. Kweli, Katiba ya 18/2/2006 inasema vile ku kifungu ya kwanza kabisa. Lakini wasome mustari unaofuata, kile kifungu ni kile kile: luga za taifa ni nne, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na serikali inapaswa kuzikuza bila ubaguzi. Kuzikuza wapi, kama si mu nyumba yenye jina "ya watu"? Tena wakati ya kampanye ya uchaguzi hatukuona shida ya luga. Kila mutu alikuja hapa Katuba na Kiswahili safi, na mifano, na mezali, kuko mumoja alijua mpaka jina ya mbwa yangu. Anavuka kwenda Kinshasa na ndege, Kiswahili inabakia ku kiwanja ya ndege ya Luano na mizigo ya kilo zaidi.

Na wale wanaokalia kile kiti cha juu, cha spika ya Bunge, si wageni ya luga. Ule alifungua kikao ile siku, Vital Kamerhe, ni mutoto ya Kivu ya Kusini, na Kiswahili yake wote tumeisikia mu kampanye, inatelemuka kama mafuta. Ule alimufuata, Aimé Boji, alichaguliwa mwezi wa kumi na moja 2025, naye ni wa Kivu ya Kusini. Kwa hiyo kinywa kiko.

Nikiwa hapo hapo kwa Kamerhe. Kazi moja alifungua kikao, kazi moja iliyofuata, tarehe 22, akajiuzulu, juu kulikuwa petisyo za kumutoa yeye na wenzake ya biro, wale wanaongozaka Bunge. Wiki moja! Mimi si wa chama chake na si wa wale walimutaka aondoke, ile ni mambo yao, lakini mu saloni wakaniuliza: basi ile hotuba ya kufungua, ile programu ya kikao, inabakia ya nani? Ilikuwa ya Bunge ama ilikuwa ya mutu? Sikukuwa na jibu. Nyinyi wenye gazeti mungeweza kuchapa ile programu, hata vipande kumi, tungeikata na makasi tungeibandika ku kioo, na 15/12 wakati wanafunga tungeangalia: hii wamefanya, hii hawakufanya, hii imekufa na aliyeisema.

Mzee ya Gécamines aliniambia kitu. Anasema yeye alikuwa mutoto, hapa kungali kunaitwa Élisabethville, wakati ya 30/6/1960, siku ya uhuru, na wakubwa walikusanyika karibu na redio. Mu Palais de la Nation, kule Kinshasa, Baudouin mufalme ya Ubelgiji akasema, prezida Kasa-Vubu akasema, kisha Lumumba, waziri wa kwanza, akasimama, na yeye hakukuwa ku programu. Ilikuwa Kifaransa vilevile, mzee anakubali, na papa yake hakuijua, lakini kulikuwa mutu pembeni ya redio anarudisha neno kwa neno na Kiswahili, na watu walijua mu ile saa ile kama kuko kitu kimesemwa. (Siku kumi na moja kisha hapo Tshombe, mukubwa ya Katanga, akatangaza Katanga inajitenga, lakini ule muzozo ukianza mu saloni yangu sinyoi tena mutu, naiacha.) Nilichokamata mimi ni ule mutu ya pembeni ya redio. Tangu 1960 mpaka leo kazi yake ingali inafanywa na mutu bila mushahara, sasa ni kinyozi.

Tena si kitu kigumu! Siku ya Mungu ingia kanisa yoyote ya hapa Lubumbashi, mu komini ya Kenya, Kampemba ama Rwashi, utakuta pasta anahubiri na Kifaransa na mutafsiri iko pembeni yake na Kiswahili, pasta akiruka naye anaruka, pasta akilia naye anatoa kitambaa ya machozi. Hakuna mutu anasema Neno limepoteza heshima. Rafiki yangu mumoja, mwalimu, akanipinga: ukisema Kiswahili, watu ya Kasai watasema Tshiluba, watu ya Bandundu Kikongo, Kinshasa Kilingala, kikao kitakuwa soko. Nikamwambia soko njo pahali watu wanasikilizana zaidi, nenda uone kama kuko mutu anakosea bei juu ya luga. Lakini pingamizi yake iko na uzito kidogo, kwa hiyo nilifanya hesabu. Majimbo yetu ni 26. Siku ya kufungua, depite mumoja kwa jimbo, dakika mbili, na luga anapenda ku zile nne: nimetoka likizo, watu wameniambia hivi na hivi. Ni dakika 52. Kwa mashine yangu ni vichwa viwili na nusu. Si mingi, salamu peke yake zilikula kichwa nzima na ndevu.

Nimesema likizo, na hapo wengi hawajue. Katiba inawapa wadepite vikao viwili, 15 ya mwezi wa tatu mpaka 15 ya mwezi wa sita, na 15 ya mwezi wa tisa mpaka 15 ya mwezi wa kumi na mbili. Hesabu mwenyewe: miezi sita kazi, miezi sita likizo, labda kama wameitwa kikao ya pekee. Ile likizo inaitwa ya kurudi kwa wale waliokuchagua, kusikiliza. Mama ya makala tangu uchaguzi hajaona kivuli. Kama ule depite angejua kama 15 atasimama mbele ya wote na dakika mbili za kusema alisikia nini Katuba, nadhani angepita hata kununua makala.

Na fikirieni ndugu zetu ya Goma na Bukavu. Goma ilianguka mu mikono ya waasi ya M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Depite yao atarudi wapi likizo? Wanabakia na simu tu. Wakati wote wanasimama kimya dakika moja juu ya wafu, ile kimya Goma wanaisikia, haina luga. Kisha dakika moja imeisha, maneno yanaanza, na pale njo wanatupwa inje tena.

Mushoferi naye alichangia, kisha sikio yake kuwa salama. Anaendeshaka lori Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, mpaka Dar. Anasema akivuka Tunduma anafungulia redio, na kama Bunge ya Dodoma inakaa, anawasikia wanabishana bei ya mbolea na Kiswahili, anacheka nao, anakasirika nao, na yeye hata si raia yao. Akirudi kwake, Bunge yake mwenyewe anahitaji kinyozi. Na tumeingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tunatuma wabunge mpaka Arusha. Labda kule wanasema Kiswahili, sijui nani anawanyoa.

Nisisahau jimbo. Assemblée yetu ya Haut-Katanga kwa miaka mingi ilikutana mu bâtiment du 30 Juin, nyumba ambayo Wabelgiji waliijenga ikuwe teatre. Ile siongezi neno.

Sasa ombi yangu kwenu, na ni dogo. Mwaka huu wa 2026, 15 ya mwezi wa tatu inaanguka siku ya Mungu, na Katiba inasema ikiwa vile wanafungua siku ya kazi inayofuata, basi ni kazi moja tarehe 16. Tumeni mutu mwenye kalamu, picha si lazima. Aandike na Kiswahili kile kila mutu amesema, hata kama ni mustari moja moja, na aandike pia kile hakikusemwa. Kesho yake muchape. Wale tunawaitaka wabunge ya kusimama, watu tu ya ku Posta wanaosomaka vichwa ya habari bure, watapata kazi ya wiki nzima, na mimi nitanunua nakala mbili, moja ya kioo, moja ya mama ya makala, juu ameniambia kazi moja tarehe 16 anakuja na kiti yake mwenyewe, atakaa mbele ya tele, na ananitaka nisinyoe mutu mpaka waseme barieri.

Kinyozi wa Katuba, Lubumbashi