Risala ya Wahitimu wa Fani ya Useremala kwa Mgeni Rasmi, Mafinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Mkuu wa Chuo. Walimu, wazazi na walezi. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika mahafali haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huko Norway kuna mji mdogo uitwao Brumunddal, umezungukwa na misitu kama Mafinga ilivyozungukwa na misindano ya Sao Hill. Mwaka 2019 lilikamilika hapo jengo la Mjøstårnet, ghorofa 18, urefu wa mita 85.4. Nguzo na boriti zake ni za mbao, na kiwanda kilichozitengeneza kiko mji wa jirani. Mwalimu alipotuonyesha picha yake, darasa zima lilinyamaza.

Nguzo zile hazikuchongwa kwenye gogo moja. Ni mbao nyembamba zilizokaushwa, zikaondolewa mafundo mabaya, zikaungwa ncha kwa meno kama ya msumeno, kisha zikagundishwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa. Nguzo kubwa kuliko zote ina karibu mita 1.5 kwa upande mmoja. Mafundi wa kale wa Lamu na Unguja walifuata urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba zao za mawe ni virefu na vyembamba. Gundi imeondoa mpaka huo.

Wazazi wetu huuliza kuhusu moto. Nguzo nene huungua kwa nje, na mkaa wake hukinga kiini. Moto hula takriban milimita 0.7 kwa dakika, kwa hiyo mhandisi huongeza unene wa kuliwa. Upepo ulihitaji dawa nyingine: mbao ni nyepesi, hivyo sakafu za ghorofa za juu zilitengenezwa kwa zege ili jengo lisiyumbe mno. Kwetu adui mkubwa ni mchwa, nao hatuwapuuzi. Mbao lazima itiwe dawa na isiguse udongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachotuuma ni hiki: mbao zetu hupasuliwa leo kwa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, kesho ziko kwenye lori, mbichi. Zikifika mjini zinapinda juu ya kenchi, na lawama anabeba seremala. Mbao ya kugundisha inataka unyevu wa asilimia 12 hivi. Sisi tunaanika juani na kukisia kwa mkono. Boriti yetu ya kwanza, ya mita 6, iliachia gundi katikati kwa sababu mbao mbili zilikuwa bado na maji. Tulisikitika sana, tukaanza upya.

Tunaomba tanuri la kukaushia mbao na vipima unyevu viwili. Ghorofa hatuombi leo.

Boriti ya pili iko pale chini ya mwembe, imebeba mifuko 20 ya saruji tangu Jumatatu. Tunakuomba, baada ya kukabidhi vyeti, uje uikague.

Naomba kuwasilisha.